Ndege Yuko Wapi?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama siku ya mkutano wetu)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu wapenzi, na ndugu zangu tuliokula maharage ya bweni moja,

Nimeombwa niseme machache juu ya kupiga picha za ndege wa bustanini. Sisemi kama fundi. Mimi ni mtumishi wa Serikali, kazi yangu ni majalada. Kamera ni ya Jumamosi. Nasema kama mtu aliyeaibika, kisha akajifunza.

Mwaka 2022 mwalimu wetu wa Biolojia, ambaye miguu haimchukui mbali tena, aliniomba kitu kimoja: picha ya chozi akinyonya nekta kwenye mishubiri aliyoipanda kwa mikono yake mbele ya maabara. Nilikuwa nimenunua lenzi ya kuvuta mbali ya milimita 300, na majivuno tele. Nikaja hapa saa saba mchana, nikasimama, nikabonyeza mara mia mbili. Nikachagua picha iliyo bora, nikampelekea. Mwalimu akavaa miwani, akaielekeza picha kwenye mwanga, akaniuliza taratibu: "Maua yangu nayaona. Ndege yuko wapi?"

Ndege alikuwapo, lakini kama doa la wino lililomwagikiwa maji.

Ndugu zangu, makosa yangu yalikuwa matatu.

La kwanza ni mtikisiko. Lenzi ya milimita 300 hukuza mara sita kuliko ile ya milimita 50, na mtikisiko wa mkono nao huukuza mara sita. Kanuni ya wapiga picha wa zamani ni hii: ukiwa na lenzi ya 300, kasi isipungue 1/300 ya sekunde. Hiyo ni kwa kitu kilichotulia. Chozi hatulii, mpe 1/1000 au zaidi. Mimi nilitumia 1/125, kwa sababu niliogopa kupandisha ISO nisije nikapata chembechembe. Picha yenye chembechembe hutazamika. Iliyotikisika haina dawa. Na kile kifaa cha kutuliza lenzi hutuliza mkono wako, hakimtulizi ndege.

La pili ni kulenga. Niliiachia kamera ichague yenyewe, ikachagua ua lililo mbele. Kwa lenzi ndefu, ukiwa mita nne tu kutoka kwa ndege, kinachoonekana wazi ni unene wa sentimita chache. Basi chagua nukta moja ya kulengea, uiweke kwenye jicho la ndege.

La tatu ni saa. Mchana hewa ya moto hupanda kutoka kwenye mabati na lami, ikachezacheza mbele ya lenzi. Njoo kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Usimfukuze ndege; keti karibu na ua analolirudia, akuzoee. Kiota kiache mbali, maana ndege akikihama kwa sababu yako, hiyo si picha, ni hasara. Lenzi iegemeze juu ya mfuko wa maharage. Naam, yale yale tuliyoyalalamikia.

Wiki mbili baadaye nilirudi, nikaketi tangu alfajiri. Safari hii Mwalimu aliishika picha kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaweka kidole karibu na mdomo wa ndege. "Unaiona chavua hii ya manjano? Ndiyo anayoipeleka kwenye ua jingine."

Ndugu zangu, alituchorea jambo hilo ubaoni kwa chaki, nami nikalijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Lakini kuliona kwa macho yangu ilikuwa siku ile, nikiwa na umri wa miaka zaidi ya arobaini, mbele ya mwalimu yule yule.