Kuchagua Intaneti ya Nyumbani: Kipimo Kiko Mlangoni, si Kwenye Tangazo



Shughuli nyingi zilizokuwa zikimtoa mwananchi kwake na kumpeleka Rujewa au Mbeya, leo huanzia kwenye mtandao. Mfanyabiashara huomba leseni kupitia mfumo wa TAUSI. Kijana anayetafuta kazi serikalini hutuma maombi yake kupitia Ajira Portal. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita huomba mkopo wa elimu ya juu kwa Bodi ya Mikopo kwa njia hiyo hiyo, na dirisha la maombi lina siku yake ya kufungwa. Mwenye mpunga ghalani huulizia bei ya masoko ya mbali kabla hajamjibu dalali aliyesimama mlangoni. Kwa sababu hiyo, intaneti ya nyumbani imeacha kuwa anasa. Imekuwa gharama ya kaya kama zilivyo ada na mbolea, na gharama ya kaya haina budi kupimwa kabla ya kulipiwa.

Mada hii ina neno moja kuu: hakuna kampuni iliyo bora kila mahali. Kampuni bora kwa kaya fulani ni ile ambayo mawimbi yake yanafika vizuri katika nyumba ile, katika saa zile ambazo kaya inatumia mtandao, kwa malipo ambayo kaya inayamudu hata katika miezi ya ukata. Mambo hayo matatu hayaandikwi kwenye tangazo lolote. Mwenye nyumba ndiye anayeweza kuyajua, na njia ya kuyajua ni nyepesi.

Ni vema kuanza na aina za huduma. Ya kwanza ni waya wa faiba unaoingia hadi ndani ya nyumba. Nchi yetu ina Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ulianza kujengwa mwaka 2009 na unasimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL. Mkongo huo unafika Mbeya na kuendelea hadi Tunduma, mpakani na Zambia. Lakini mkongo kupita mkoani ni jambo moja, na waya kufika kitongojini ni jambo jingine. Anayeambiwa kuwa faiba ipo, aulize swali moja tu: je, waya uliopo karibu zaidi uko umbali gani kutoka nyumba hii, na nani atalipia kipande kilichobaki?

Aina ya pili, ambayo kaya nyingi za vijijini huitegemea, ni intaneti inayopita katika minara ya simu. Kampuni zinazotoa huduma hiyo nchini ni Vodacom, Airtel, Yas, ambayo hadi mwaka 2024 ilijulikana kama Tigo, Halotel pamoja na TTCL yenyewe. Kaya huweza kutumia simu kuwagawia wengine, au kununua ruta inayowekwa laini ndani yake. Aina ya tatu ni setilaiti. Setilaiti za zamani hukaa angani umbali wa kilomita zipatazo 36,000, hivyo swali na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde safarini, na mazungumzo ya video huwa ya kukatana kauli. Setilaiti mpya huzunguka karibu zaidi na dunia na zimepunguza kasoro hiyo. Hata hivyo, kifaa kilichonunuliwa nchi jirani hakimpi mwenye nacho ruhusa ya kukitumia hapa. Huduma sharti iwe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na kifaa chenyewe kiwe kimeidhinishwa. Asiyeuliza hilo mapema anaweza kubaki na sahani ya kuanikia mahindi.

Kwa nini laini ya jirani iwe nyepesi na ya kwako iwe nzito, ilhali kampuni ni moja? Mkulima wa Ubaruku ana jibu la swali hili shambani mwake. Maji yakitoka kwenye banio, hupita katika mfereji mkuu, kisha hugawanywa katika mifereji midogo hadi kwenye majaruba. Banio likiwa na maji mengi, bado aliye mkiani mwa mfereji hupata kidogo pale wote wanapofungulia kwa wakati mmoja. Mnara wa simu ni vivyo hivyo. Una kiasi chake cha kugawa, na kila simu iliyowashwa ni jaruba linalosubiri maji. Saa nne asubuhi watu wako mashambani, mtandao huenda mbio. Saa mbili usiku kila nyumba imewasha, mtandao hutambaa. Aidha, mnara unaoonekana kutoka uani huenda si wa kampuni uliyoichagua. Mnara mmoja huweza kubeba mitambo ya kampuni kadhaa, au ya moja tu.

Kutokana na hayo, kipimo cha kweli hufanyika nyumbani. Kaya inunue kifurushi kidogo cha siku katika laini za kampuni mbili au tatu, au iazime simu za majirani na ndugu wenye laini hizo. Kila laini ipimwe mara tatu kwa siku, yaani asubuhi, alasiri na saa mbili usiku, kwa siku zisizopungua tatu, na mojawapo ikiwezekana iwe siku ya mvua. Kipimo kifanyike ndani ya chumba ambamo mtandao utatumika, kwa kuwa paa na kuta za bati huzuia mawimbi, na kinachopatikana uani chini ya mwembe sicho kitakachopatikana sebuleni. Matokeo yaandikwe kwenye daftari. Zipo programu za kupima kasi, ila kila kipimo hula sehemu ya kifurushi. Anayetaka kubana matumizi apige simu moja ya video ya dakika tano kwa ndugu aliye mbali. Picha isipoganda na sauti isipokatika, kipimo hicho kinatosha kwa kuanzia.

Katika kusoma namba za kasi, wengi hupotea kwa maneno mawili yanayofanana. Kampuni hutangaza kasi kwa megabiti kwa sekunde, lakini ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo kasi ya megabiti 20 ni sawa na megabaiti mbili na nusu tu kwa sekunde. Pia neno "hadi" katika tangazo ni neno zito. "Hadi megabiti 20" ni ahadi ya kutozidi 20, na kwa chini haikuahidi chochote. Muuzaji aulizwe kiwango cha chini, na jibu liwe la maandishi.

Neno jingine la kupimwa ni "bila kikomo". Mikataba mingi yenye neno hilo huwa na kipengele cha matumizi ya haki, kinachosema kwamba ukishavuka kiasi fulani cha gigabaiti ndani ya mwezi, kasi itapunguzwa. Kaya ifanye hesabu yake. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida huweza kula gigabaiti moja hivi, na ile ya ubora wa juu huweza kufika gigabaiti tatu. Nyumba yenye watoto wanaotazama video za masomo na katuni saa mbili kila siku hukaribia gigabaiti 60 kwa mwezi kabla mtu mzima hajafungua chochote. Nyumba inayotuma ujumbe, kusoma habari na kujaza fomu hutumia sehemu ndogo sana ya kiasi hicho, na pengine haihitaji ruta kabisa. Kifurushi cha simu kitaitosha.

Sasa bei. Bei ya mwezi mmoja haitoshi kulinganishia, hivyo ilinganishwe bei ya mwaka mzima. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kampuni ya kwanza inauza ruta kwa shilingi 150,000 na kutoza shilingi 70,000 kwa mwezi. Kampuni ya pili inatoa ruta bure, ila inatoza shilingi 85,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwaka, ya kwanza imegharimu shilingi 990,000, na ya pili shilingi 1,020,000. Ruta ya bure imelipiwa kimyakimya. Katika hesabu hiyo iongezwe gharama ya ufungaji, na iulizwe kama bei iliyotajwa tayari ina kodi ya ongezeko la thamani. Iulizwe pia kama ruta ikishalipiwa itakubali laini ya kampuni nyingine, au imefungwa kwa kampuni iliyoiuza.

Lipo jambo linaloihusu Ubaruku kuliko miji mingi. Mfanyakazi wa mshahara hupokea kila mwezi, na mikataba mingi imetungwa kwa kumfikiria yeye. Mkulima wa mpunga hushika fedha yake baada ya mavuno, katikati ya mwaka. Muuzaji akija wakati huo, mkataba wa miezi kumi na miwili huonekana mwepesi. Ukata huja baadaye, Januari hadi Machi, wakati fedha yote inakwenda kwenye kupandikiza, palizi na mbolea. Hapo ndipo deni la intaneti huanza kugombania shilingi moja na shamba, na mkataba unaweza kuwa na faini kwa anayeuvunja. Kwa kaya ya mkulima, malipo ya kabla, yanayoweza kusimamishwa mwezi mmoja na kuendelea mwezi unaofuata bila adhabu, mara nyingi ni salama zaidi hata kama bei yake iko juu kidogo. Anayependa mkataba mrefu aulize kama anaweza kulipia miezi ya ukata mapema, fedha ya mavuno ikiwa bado mkononi.

Hakuna huduma isiyokatika. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti iliyumba nchi nzima baada ya nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, kupata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mwananchi wa Ubaruku aliyekuwa akituma fomu siku ile alikwama kwa kosa lililotokea baharini, mbali na kata yake. Funzo lake ni mara mbili. Kwanza, kazi yenye tarehe ya mwisho isisubiri siku ya mwisho. Pili, kaya yenye ruta ya kampuni moja iwe na laini ya simu ya kampuni nyingine, kwa kuwa kampuni hazipiti njia zilezile, na moja huweza kurudi hewani kabla ya nyingine. Umeme nao ukumbukwe, maana ruta hunyamaza pale umeme unapokatika. Ruta nyingi ndogo zinaweza kuendeshwa kwa betri ya sola, mradi volti zilingane na zile zilizoandikwa kwenye kifaa.

Mwisho ni haki za mteja. Laini isajiliwe kwa kitambulisho cha mtumiaji mwenyewe, si cha wakala wala cha mpita njia. Kwa kubonyeza *106# mwananchi anaweza kukagua namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mkataba usomwe kabla ya kutiwa saini, na asiyesoma vizuri asomewe na mtu anayemwamini, asiwe muuzaji. Risiti zitunzwe. Huduma ikiwa mbovu, malalamiko yapelekwe kwanza kwa kampuni yenyewe, na tarehe pamoja na namba ya lalamiko viandikwe. Yasiposhughulikiwa, yafikishwe TCRA, yenye ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. Sheria iliyoianzisha Mamlaka hiyo mwaka 2003 ilianzisha pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ili sauti ya mteja isikike. Lile daftari la vipimo litafaa tena hapo. Mlalamikaji mwenye tarehe, saa na kasi iliyoandikwa husikilizwa tofauti na anayesema tu kwamba mtandao ni mbovu.

Ndugu wananchi, mkulima hanunui mbegu kwa uzuri wa mfuko. Huuliza imezaa vipi kwa jirani, hujaribu katika jaruba moja, ndipo hupanda shamba zima. Intaneti ichaguliwe kwa busara hiyo hiyo. Siku tatu za kupima kwa kifurushi cha siku ni gharama ndogo, na huiepusha kaya na deni la mwaka mzima.