Pedali ya breki ikiwa laini, gari lisiondoke gereji

Haya ni maneno ya mkufunzi wa ufundi wa magari katika chuo kimoja cha mafunzo ya ufundi cha kaunti yetu, aliyezungumza na madereva, wenye magari na mafundi wa jua kali mjini Mwatate. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Leo nitazungumzia jambo moja tu. Gari limefungwa kalipa mpya za breki. Kila kitu kinang'aa. Dereva anakanyaga pedali, anaisikia laini kama anakanyaga sponji. Fundi anamwambia, "Pampu kidogo tu, itashika." Maneno hayo ndiyo yaliyonileta hapa.

Niwaambie ukweli, mimi mwenyewe niliwahi kuyasema. Nilikuwa bado najifunza kazi. Mzee mmoja wa Wundanyi alileta pikapu yake ya kubebea kabeji na nyanya, nikaifunga kalipa mbili za mbele. Pedali ikawa laini. Nikapampu mara tatu, ikapanda, nikazunguka uwanjani pale pale kwenye tambarare, gari likasimama. Nikamkabidhi mzee ufunguo. Yeye akapanda nyumbani, na alipokuwa akiteremka na mzigo kesho yake, kwenye kona ya kwanza pedali ikaenda chini. Alijiokoa kwa gia ya kwanza na breki ya mkono. Alirudi gereji akitembea polepole, hakupiga kelele. Aliniambia, "Kijana, ningekuwa nimebeba watu leo?" Sikuwa na jibu.

Fundi aliyekuwa akinifundisha aliinama mara moja tu, akaniita: "Hebu tazama nipeli iko wapi." Ilikuwa chini. Nilikuwa nimefunga kalipa ya kushoto upande wa kulia, na ya kulia upande wa kushoto.

Kwa nini hilo ni kosa? Hapa nina bomba la sindano. Nimelijaza maji, nimeziba mdomo kwa kidole. Mama, hebu njoo usukume. Halisogei, sivyo? Sasa naacha kiputo kidogo cha hewa ndani. Sukuma tena. Mnaona? Linasogea, halafu linarudi. Mafuta ya breki hayabanwi, ndiyo maana nguvu ya mguu wako inafika kwenye gurudumu. Hewa inabanwa. Ikiwa ndani ya kalipa, mguu wako unabana hewa badala ya kubana diski.

Na hewa hupanda juu. Kwa hiyo nipeli ya kutolea hewa lazima iwe sehemu ya juu ya kalipa. Katika magari mengi kalipa ya kushoto inaweza kuingia kulia na boliti zote zikakaza vizuri. Lakini nipeli ikiwa chini, utatoa mafuta siku nzima na hewa itabaki imekaa juu pale. Kwa hiyo kabla ya kununua chupa nyingine ya mafuta, inama utazame nipeli.

Sasa tuje kwenye kutoa hewa. Kazi hii inahitaji watu wawili wanaosikilizana. Mmoja kwenye pedali, mwingine kwenye gurudumu. Zima injini. Chomeka kipaipu cha plastiki kinachoonyesha ndani kwenye nipeli, ncha ya pili itumbukie katika chupa yenye mafuta safi ya breki. Wa kwenye pedali akanyage polepole, ashikilie, aseme, "Nimeshika." Wa chini afungue nipeli, mafuta na viputo vitoke, afunge, ndipo aseme, "Achia." Pedali ikiachiwa kabla nipeli haijafungwa, hewa inavutwa ndani upya na kazi imerudi mwanzo. Endeleeni hivyo mpaka mafuta yatoke bila kiputo hata kimoja.

Magurudumu yana mpangilio. Mara nyingi tunaanza na lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, hilo ni la nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Yapo magari yenye mpangilio tofauti, kwa hiyo kitabu cha gari kikiwepo, kifuate.

Kila baada ya kukanyaga mara nne tano, tazama kikopo cha mafuta juu ya masta silinda. Kikikauka, masta silinda inavuta hewa, na umejiongezea kazi ya saa nzima. Na kwa gari la zamani, weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike mwisho. Ndani ya masta silinda kuna sehemu ambayo mpira haujawahi kufika kwa miaka, ina kutu na uchafu. Ukikanyaga mpaka chini, mpira unapita pale na kukatika. Unatoa hewa, unapata ugonjwa mwingine.

Je, nipeli iko juu, hewa imetoka, na pedali bado haijakaa sawa? Isikilize, itakuambia.

Ukipampu ikapanda na kuwa ngumu, halafu baada ya muda ikarudi laini, bado kuna hewa. Au kama nyuma kuna breki za drami, zimelegea na zinahitaji kurekebishwa, kwa sababu safari ya pedali inakuwa ndefu na watu hudhani ni hewa.

Ukikanyaga na kushikilia, ikashuka polepole kama lifti, mafuta yanapita mahali. Tafuta unyevu kwenye kalipa, kwenye maungio na nyuma ya magurudumu. Kama kote ni kukavu, shuku mipira ya ndani ya masta silinda.

Ikiwa haizami na hewa hakuna, lakini bado ina unyumbufu, mwambie mwenzako akanyage huku wewe ukitazama paipu za mpira zinazoingia kwenye kalipa. Paipu iliyozeeka hufura kama puto. Badilisha, tena pande zote mbili. Tazama pia kama pedi zimekaa sawa na kama pini za kalipa zinateleza. Kalipa iliyokwama huipinda pedi, na mguuni utaisikia kama sponji.

Kuna gari zenye ABS. Hewa ikiingia ndani ya ile mashine ya ABS, mara nyingine haitoki kwa kukanyaga tu, inahitaji kompyuta ya kuiamrisha ifungue. Fundi asiyekuwa nayo aseme hana. Hakuna aibu. Aibu ni kuliachia gari.

Sasa mambo madogo yanayoleta makubwa. Boliti ya paipu inayoingia kwenye kalipa ina washa mbili za shaba. Weka mpya zote mbili. Ni vitu vya bei ndogo sana kwenye duka la spea, na za zamani zikirudishwa huvuja. Tumia mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo. Usiweke mafuta ya injini wala ya usukani hata tone, kwa sababu yatafurisha mipira yote ya breki. Mafuta yaliyotoka kwenye nipeli usiyarudishe.

Na chupa iliyokaa wazi rafuni kwa miezi, iache. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. DOT 4 mpya haichemki kabla ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 tu. Kwetu sisi hili si jambo la vitabuni. Ukiteremka kutoka Wundanyi na mguu kwenye breki njia nzima, kalipa zinapata moto mkali. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Pedali iliyokuwa nzuri asubuhi inakuwa sponji kwenye kona ya mwisho. Kwa hiyo teremka na gia ndogo, injini ikusaidie, na breki uzikanyage kwa vipindi.

Ikitokea pedali imezama ukiwa njiani, usizime injini. Pampu haraka, shuka gia moja moja, vuta breki ya mkono taratibu huku umeshika kitufe chake, washa taa za dharura na piga honi. Ukisimama, usiendelee na safari. Hapo kupampu ni kwa kuokoa roho. Gereji si mahali pa kupampu na kumwambia mtu aende.

Wenye magari, nanyi mna sehemu yenu. Mara nyingi tunamharakisha fundi kwa sababu gari likilala siku moja ni hasara. Msimharakishe kwenye breki. Kabla ya kulipa, fanya hivi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, kisha ishikilie kwa nguvu kwa nusu dakika. Isishuke. Ukiwa bado umeshikilia, washa injini. Itashuka kidogo, na hiyo ni kawaida, ni busta inakusaidia. Kisha itulie hapo. Ikiendelea kwenda chini, mrudishie fundi ufunguo.

Na jaribio la kwanza la barabarani lifanyike mahali tambarare pasipo na watu, kwa mwendo mdogo, bila abiria na bila mzigo. Usilijaribu kwenye mteremko.

Kwa vijana walio hapa: vyuo vya mafunzo ya ufundi viko chini ya kaunti, na kozi ya magari ipo. Ulizeni kwenye chuo kilicho karibu nanyi. Walio na ujuzi wa jua kali, njooni pia. Sisi tutajifunza kwenu na nyinyi mtajifunza kwetu.

Yule mzee wa pikapu aliendelea kuleta gari lake kwangu kwa miaka mingi. Kila mara kabla ya kupanda, aliinama kwanza na kuchungulia gurudumu la mbele. Sikuwahi kumwambia aache.