Kati ya Miaka 14 na 30: Saratani ya Mlango wa Kizazi na Binti wa Kilangali



Serikali ya Tanzania ilipoanza kutoa nchi nzima chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, Aprili 2018, ililenga mabinti wa miaka 14. Dozi zilikuwa haba duniani kote, na chanjo hii hukinga vizuri zaidi binti akiipata kabla hajaanza kujamiiana. Siulaumu uamuzi ule. Lakini mfikirieni binti wa kata ya Kilangali, wilayani Kilosa, aliyezaliwa Januari 2003. Wachanjaji walipofika shuleni alikuwa ameshatimiza miaka 15, akapitwa. Mwaka 2024 chanjo ikawa ya dozi moja, na mlango ukafunguliwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Yeye alikuwa na 21, akapitwa tena. Uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa kawaida huanza miaka 30, maana yake atasubiri hadi 2033. Katikati hapo ndipo anapoolewa, anapozaa, pengine anapoachika na kuolewa tena. Huyo ndiye niliyekuja kumsemea.

Kilangali ni nchi ya mpunga. Hata shamba la mbegu la Wakala wa Mbegu za Kilimo liko huko. Msimu ukiingia, wasichana wa umri huu hushinda matopeni wakipandikiza na kupalilia kwa kibarua. Hospitali ya wilaya iko Kilosa mjini, na siku ya kwenda huko ni siku isiyo na ujira. Msichana hawezi kuitoa siku hiyo kwa ajili ya ugonjwa ambao haumi, tena ambao ameambiwa ni wa wanawake wakubwa.

Ni kweli kwamba saratani hii huchelewa kujitokeza. Virusi vya HPV huambukizwa kwa kujamiiana, na wengi wetu tumewahi kuvipata bila kujua, kwa kuwa mara nyingi mwili huviondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Visipoondoka, chembe za mlango wa kizazi huanza kubadilika, na kutoka hapo hadi saratani hupita miaka 10 hadi 20, au pungufu kwa mwenye VVU. Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Nchini mwetu wanawake wapatao 10,000 hugunduliwa kila mwaka, na wengi hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa.

Je, kwa binti aliyekwisha kuanza kujamiiana, chanjo ina faida yoyote? Jibu limetoka kwa majirani zetu. Katika utafiti wa KEN SHE uliofanyika Nairobi, Thika na Kisumu, wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, waliokwisha kuanza kujamiiana, walichomwa sindano moja tu: baadhi chanjo ya HPV, wengine chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwa ajili ya kulinganisha. Kwa wale ambao mwanzoni hawakuwa na aina ya 16 wala ya 18, yalihesabiwa maambukizi sugu 38 ya aina hizo ndani ya miezi 18. Kati ya hayo, 36 yalikuwa kwa wale ambao hawakupata chanjo ya HPV. Ni mawili tu yaliyotokea kwa waliochanjwa. Chanjo haiponyi maambukizi yaliyopo, na hilo tuwaambie mabinti wazi. Lakini kumwambia msichana wa miaka 19 kwamba amechelewa ni kumnyima haki yake kwa maneno yasiyo na ushahidi.

Wengine huniuliza kwa nini basi tusimchunguze akiwa na miaka 20. Kwa sababu katika umri huo mabadiliko mengi hurudi kuwa ya kawaida yenyewe, na tukiyatibu yote tutaunguza milango ya kizazi ambayo haikuhitaji tiba. Anayeishi na VVU ni tofauti: Shirika la Afya Duniani linashauri aanze akiwa na 25.

Uchunguzi wenyewe binti anastahili kuelezwa mapema, asije akaukimbia. Hulala kitandani, muuguzi huingiza kifaa cha kupanulia uke, hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kusubiri dakika moja hivi. Pakitokea utando mweupe, mara nyingi hutibiwa siku ileile kwa kugandisha au kwa joto, akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Sasa pendekezo langu. Binti huyu hayuko shuleni tena, lakini tunajua pa kumpata: kliniki ya mama na mtoto. Analeta mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa. Muuguzi yupo, jokofu la chanjo lipo. Dozi zikiwatosha wasichana wa miaka 9 hadi 14, inayofuata iende kwa mama kijana, baada ya kujifungua, kwa kuwa wakati wa ujauzito haitolewi. Wa miaka 15 hadi 20 dozi moja inaweza kumtosha. Wa 21 na zaidi, mwongozo wa dunia ni dozi mbili zinazopishana kwa miezi sita. Na kabla hajaondoka, muuguzi amwandikie kwenye kadi yake mwaka atakaotimiza miaka 30, na jina la kituo atakapochunguzwa.