Hotuba juu ya Umri wa Kukoma Hedhi



Sisi wa kamati tumeombwa na kina mama tuseme neno ambalo kwa desturi halisemwi barazani. Tutalisema kwa adabu.

Mwanamke afikapo baina ya miaka 45 na 55, kwa kawaida vifuko vyake vya mayai hulegea kazi, na hedhi hukoma. Miezi 12 ikipita pasipo kuiona, basi imekwisha. Katika muda huo wengi hupatwa na joto la ghafula usoni na kifuani, jasho la usiku, kukosa usingizi na hamaki ya upesi. Mambo hayo si uchawi, wala si laana, wala si dalili ya kumchoka mume. Ni umri, kama mvi zilivyo kwa mzee. Hata hivyo, anayetaabika sana asivumilie tu. Dawa zipo, na daktari atamshauri.

Lakini neno moja twalikazia. Damu ikirudi baada ya mwaka mzima wa kukoma, hata tone moja, isifichwe. Huenda ni jambo dogo. Huenda pia ni saratani ya tumbo la uzazi, ambayo ikigunduliwa mapema mara nyingi hutibika.

Kwa hiyo, wazee wetu, mama akiomba nauli ya kwenda hospitali, tumpe, wala tusimhoji mbele ya watu. Aibu isije ikatuulia mama zetu.

Hayo ndiyo tuliyotumwa.