Kabla Jiomembreni Haijafukiwa: Ulinzi wa Visima katika Ujenzi wa Dampo na Mabwawa ya Majitaka

Mada iliyowasilishwa kwa Waheshimiwa Madiwani, watendaji wa kata na vijiji, na wajumbe wa kamati za maji



Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziwekea mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu katika maeneo yao. Sheria hiyo hiyo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Umbali huo unasaidia juu ya ardhi, lakini chini ya ardhi mambo ni mengine. Mvua ikinyesha juu ya taka, maji hupenya katikati yake, hubeba chumvi, amonia, metali na uozo, kisha hutokea chini yakiwa meusi na yenye harufu kali. Yakikuta mchanga, hushuka hadi kwenye maji yanayolisha visima. Mto uliochafuliwa huweza kujisafisha kwa mtiririko wake. Maji ya ardhini husogea polepole mno, na kisima kilichoharibika huweza kubaki hivyo kwa miaka mingi hata baada ya taka kuhamishwa.

Ndiyo sababu madampo ya kisasa, kama lile la Chidaya jijini Dodoma, hutofautishwa na majalala ya kawaida kwa kile kilichotandikwa chini yake. Mabwawa yanayopokea shehena za magari ya kunyonya majitaka yana hitaji hilo hilo. Kinachotandikwa ni jiomembreni, yaani karatasi nene la plastiki nyeusi ambalo mitaani huitwa nailoni tu. Weusi wake si wa urembo: plastiki hiyo huchanganywa na masizi kiasi cha asilimia 2 hadi 3 ili isiliwe na jua.

Katika vikao vya zabuni, unene wa karatasi hujadiliwa kwa saa nzima, na mishono hupewa dakika moja. Unene una umuhimu wake. Kanuni za Marekani za mwaka 1991 kuhusu madampo, ambazo wahandisi wa nchi nyingi huzirejea, zinataka plastiki ya aina hiyo isipungue milimita 1.5. Hata hivyo kanuni hizo hazikuishia kwenye plastiki. Zinataka pia chini yake pawe na tabaka la mfinyanzi ulioshindiliwa, lenye kina cha sentimita 60 hivi, na kwamba maji machafu yaliyosimama juu ya plastiki yasizidi sentimita 30.

Hesabu ndogo inaeleza kwa nini. Tundu la sentimita moja ya mraba, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, likiwa juu ya kokoto na kusimamiwa na maji ya kina cha sentimita 30, hupitisha zaidi ya lita 12,000 kwa siku. Tundu hilo hilo, karatasi likiwa limegusana vizuri na mfinyanzi ulioshindiliwa ipasavyo, hupitisha chini ya lita moja kwa siku. Mkandarasi anayependekeza kupunguza mfinyanzi kwa hoja kwamba plastiki inatosha, anapendekeza kuondoa kinga inayofanya kazi siku plastiki inapotoboka. Na hutoboka.

Kazi, kwa hiyo, huanza kabla roli la kwanza halijashushwa. Udongo wa chini husawazishwa na kushindiliwa, mawe, mizizi na visiki huondolewa, na mtu hupita kwa miguu akikagua kila hatua. Jiwe lenye ncha lililoachwa humo litabebeshwa uzito wa tani nyingi za taka, nalo litasukuma juu. Kingo za karatasi hufukiwa katika mtaro uliochimbwa kuzunguka ukingo wote ili karatasi lisiteleze kushuka kwenye miteremko.

Jua la nchi hii ni mtihani wa peke yake. Plastiki nyeusi hutanuka inapopata joto: shiti ya mita 100 huweza kuongezeka takriban nusu mita joto lake likipanda kwa nyuzi 30. Mchana hufanya mikunjo, usiku hujivuta. Ikikazwa sana mchana, usiku itavuta mishono na kuinuka kwenye pembe za bwawa. Ikifukiwa ikiwa na mikunjo mikubwa, chini ya kila mkunjo hubaki nafasi ambamo maji hutembea bila kugusana na mfinyanzi, na ile hesabu nzuri ya lita moja huvunjika. Mafundi wazoefu hufukia alfajiri na asubuhi mapema, na msimamizi anayeruhusu kifusi kimwagwe saa nane mchana ili ratiba isichelewe anauza visima vya watu kwa bei ya siku moja.

Sasa mishono. Mashine yenye kabari ya moto hupitishwa kati ya shiti mbili zilizopandana kwa sentimita 10 hadi 15, huyeyusha nyuso zake na kuzigandamiza pamoja, ikiacha mistari miwili ya mchomeleo yenye mfereji mwembamba katikati. Mfereji huo ndio unaomwezesha mkaguzi kuujua ukweli. Ncha zake mbili huzibwa, sindano yenye geji huchomekwa, na upepo hujazwa hadi kilopaskali 200 hivi, karibu sawa na upepo wa tairi la gari dogo. Geji hutazamwa kwa dakika tano. Ikishuka kupita kiwango kilichowekwa katika mkataba, mshono unavuja. Ikitulia, bado kuna hatua moja ambayo wenye haraka huiruka: ncha ya pili hukatwa, na geji lazima ianguke pale pale. Isipoanguka, mfereji umeziba mahali fulani katikati, na kilichopimwa ni kipande tu cha mshono.

Jaribio hili halihitaji shahada. Diwani au mjumbe wa kamati ya maji anaweza kusimama kando ya fundi, akaitazama geji na kuandika saa. Kwenye pembe na mahali panapopita mabomba, ambapo mashine ya kabari haifiki, fundi huchomelea kwa mkono, na hapo hutumika povu la sabuni chini ya kisanduku cha kioo kinachonyonya hewa. Mapovu yakitokea, pana tundu. Zaidi ya hayo, kipande cha mshono hukatwa kila baada ya mita 150 hivi na kuvutwa kwenye mashine hadi kiachane. Karatasi linapaswa kuchanika kabla mchomeleo haujafunguka.

Hatari kubwa, hata hivyo, huja mafundi wa plastiki wakiwa wamekwisha kuondoka. Takwimu zilizokusanywa katika nchi mbalimbali kwenye miaka ya 1990 zilionyesha kwamba karibu robo tatu ya matundu yalitokana na kazi ya kufunika, pale kokoto zinapomwagwa na tingatinga linapopita. Dereva huwa hana habari na kilichopo chini. Kwa hiyo kitambaa kizito cha jiotekstaili hutandazwa juu ya plastiki, mitambo hupita juu ya kifusi kilichokwisha kulazwa bila kukanyaga karatasi, na baada ya kufunika hufanyika ukaguzi wa umeme: plastiki haipitishi umeme, hivyo mahali umeme unapopita pana tundu. Ukaguzi huo huongeza gharama, na ndio wa kwanza kufutwa bajeti inapobana. Ni vema Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira ipewe daftari la majaribio ya kila mshono kabla hati ya malipo haijasainiwa.

Isidhaniwe kwamba jiomembreni hushika kila kitu. Mwezi Novemba 2022, huko Mwadui wilayani Kishapu, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi ulibomoka na tope likasambaa kwenye mashamba na makazi. Uimara wa ukuta na nafasi ya kupokea mvua kubwa ni mambo ya kujitegemea, na hayatatuliwi kwa plastiki.

Baki la mwisho ni visima vya uangalizi: kimoja upande maji ya ardhini yanakotoka na angalau viwili upande yanakoelekea. Sampuli ya kwanza huchukuliwa na kupimwa kabla gari la kwanza halijamwaga taka. Bila kipimo hicho, wanakijiji watakapolalamika kwamba maji yamebadilika, watajibiwa kwamba yalikuwa hivyo tangu zamani, na hapatakuwa na karatasi la kumkanusha anayesema hivyo.