Kampuni Imefilisika: Je, Haki ya Aliyeumia Imezikwa Nayo?



Mada yetu ni ya kisheria, lakini inamhusu mfanyakazi aliyekatwa mkono na mashine na mjane ambaye mumewe aligongwa na lori. Watu hao wakienda kudai fidia, mara nyingi hujibiwa: kampuni imefilisika, hakuna wa kumdai. Jibu hilo si la kweli daima. Yamkini kampuni ilikuwa na bima, na bima hiyo ingali hai.

1. Fedha ya bima ni ya nani?

Kampuni inapofilisika, mfilisi hukusanya mali yake na kuwagawia wadai. Wenye dhamana, kama benki, hutangulia, naye aliyeumia husimama mkiani. Katika shauri la Harrington Motor Company, mwaka 1928, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba hata fedha iliyotolewa na bima kwa ajili ya mtu aliyegongwa na gari ni mali ya wadai wote. Jeraha la mmoja likawa faida ya wengine. Ndipo Bunge la nchi hiyo likatunga sheria ya mwaka 1930: kampuni ikifilisika, haki yake dhidi ya kampuni ya bima inahamia kwa aliyeumia.

2. Kizuizi kilichobaki

Hata hivyo, bima haikuwa na deni mpaka kosa la kampuni lithibitishwe kwanza. Mwaka 1989, mwanamke aliyepata ugonjwa wa mapafu kwa vumbi la pamba kiwandani Lancashire alishindwa mbele ya mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Kampuni ilikwisha kufutwa katika daftari la msajili, na maiti hashtakiwi. Baadaye mwaka huohuo sheria ilirekebishwa ili kampuni ya namna hiyo iweze kufufuliwa kwa amri ya mahakama, lakini kufufua ni gharama juu ya gharama. Sheria mpya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2016, iliondoa mzunguko huo. Aliyeumia aweza kuishtaki kampuni ya bima moja kwa moja, na kosa la kampuni pamoja na wajibu wa bima vikaamuliwa katika shauri moja. Aweza pia kudai aelezwe bima ipo kwa nani. Lakini hapati haki kubwa kuliko aliyokuwa nayo kampuni: kiwango cha juu cha bima hakiongezeki.

3. Hali ilivyo Kenya

Kwetu njia bado ina hatua mbili. Katika ajali za barabarani, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inailazimisha kampuni ya bima kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mwenye gari, mradi ilipewa taarifa ya shauri kwa wakati. Ikikataa, aliyeshinda hufungua shauri la pili dhidi yake. Tangu marekebisho ya mwaka 2006, bima hiyo hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Kwa wafanyakazi, Sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha kazini inamtaka mwajiri awe na bima.

Kampuni ikiwa mikononi mwa mfilisi kwa amri ya mahakama, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inataka ruhusa ya mahakama kabla ya kuishtaki. Wengi hukwama hapo kwa kutojua kwamba ruhusa huombwa.

4. Tufanye nini?

Hapana budi viongozi wa jumuiya wawasaidie waathirika mapema:

(a) Waandike jina la kampuni ya bima na namba ya hati yake. Katika ajali ya gari, waulize polisi.

(b) Watunze barua ya ajira, hati za malipo na karatasi za hospitali.

(c) Wasingoje. Dai la kuumizwa kwa uzembe hupitwa na wakati baada ya miaka 3.

(d) Wamwone wakili, naye aipe kampuni ya bima taarifa kwa maandishi.

Ndugu wapendwa, ada ya bima ililipwa ili anayeumia asiachwe mikono mitupu. Basi mtu akija kwenu na habari kwamba kampuni imekufa, mwulizeni kwanza: bima yake ilikuwa kwa nani?