Karatasi ya damu ikisema "pozitivu"

Leo nitaongea juu ya kipimo kimoja cha damu, kwa sababu kiliwahi kumliza mama yangu.

Tulipokuwa kambini Nyarugusu, mama aliamka kila asubuhi vidole vimevimba na kukakamaa. Ilipita saa nzima kabla hajaweza kushika mwiko. Watu walisema ni baridi, au ni kazi ya jembe. Tulipofika Marekani, daktari akampima damu. Karatasi ikaja kwa posta. Mimi, niliyekuwa bado mwanafunzi, nikamsomea: "pozitivu." Mama akalia. Kambini neno hilo tulilijua kwa maana moja tu: virusi vya UKIMWI.

Haikuwa hivyo. Daktari alitafuta kingamwili. Kingamwili ni askari wa mwili wanaopigana na vijidudu. Katika baridi yabisi ya aina ya rumatoidi, ulinzi wa mwili hugeuka na kushambulia viungo vyake wenyewe. Kwenye karatasi mtaona herufi RF na anti-CCP. Hizo ndizo kingamwili zilizopimwa.

Shikeni mambo mawili. La kwanza: RF ikionekana, si lazima uwe na ugonjwa huu. Huweza kuonekana kwa mwenye homa ya ini ya C, mwenye kifua kikuu, hata kwa mzee mwenye afya nzuri. Anti-CCP ina uzito zaidi, lakini nayo peke yake haitoshi.

La pili: vipimo visipoonyesha kitu, usikae nyumbani na maumivu. Wapo wagonjwa wa rumatoidi wasio na RF wala anti-CCP. Rudi, umweleze daktari ni viungo gani vinavimba, tangu lini, na asubuhi vinachukua muda gani kulegea. Usichelewe: kiungo kikishaharibika hakirudi kama zamani, na dawa husaidia zaidi zikianza mapema. Mama mwenye mimba, au anayetaka mtoto, aseme kabla ya kupewa dawa, maana methotreksati hudhuru mimba.

Na msimtume mtoto kutafsiri, kama nilivyofanya mimi. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu lazima ikupe mkalimani bure. Mwombe siku ile unapopanga miadi.

Ukipata karatasi usiyoielewa, usilie peke yako. Ilete ofisini, tumpigie daktari pamoja.